Firigisi kwenye Sahani ya Mgeni

Mtaani Mbotela neno "hafai" lilitumika kwa uangalifu kuliko matusi. Mlevi aliitwa mlevi na mwizi mwizi. Asiyefaa hakuwa na kosa la kumshitaki nalo. Nyanya zilizoiva mno hazikufaa kwa kachumbari, ila kwa mchuzi zilifaa sana, na mwenye kibanda alikueleza hivyo kabla hujaondoka. Hafai, basi, lilikuwa neno lenye nusu ya pili. Lilipoachwa bila nusu hiyo ndipo lilipouma.

Niliambiwa mimi neno hilo nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nikifanya kazi kiwanda cha sabuni na kuishi chumba kimoja na mjomba wangu, kaka yake mama. Nilitaka kuoa binti wa watu wa Mlima Kenya, aliyelelewa na shangazi yake, mwuza vitambaa. Shangazi alisema atakuja kwanza kula kwangu Jumapili, baada ya kanisa. Asiporidhika, nisijisumbue kutuma wazee.

Nilijiandaa wiki nzima. Niliuliza watu watatu kazini, wote wa upande wa kina shangazi, mgeni wa heshima hupewa nini. Wote walijibu kwamba hupewa kilicho bora. Sikuuliza zaidi.

Siku ilipofika nilipika kuku na ugali. Shangazi alikuja na binti, wakaketi kitandani kwa kuwa viti vilikuwa viwili tu, na mjomba akaomba baraka ndefu. Kisha nikapakua. Kilicho bora kwenye kuku, kwetu magharibi, ni firigisi, nami nikaiweka kwenye sahani ya shangazi. Aliitafuna polepole, akaimaliza.

Mjomba aliitazama sahani yake, akaipekua kwa kidole. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa yeye. Katika hesabu yangu yote ya heshima, sikuwa nimemhesabu. Alinawa mikono kama aliyemaliza, ilhali hajala chochote.

"Huyu kijana hafai," alisema.

Binti aliinamisha kichwa. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, nikiona wiki yangu ikiporomoka, tena kwa mkono wa mtu wa upande wangu.

Shangazi hakuharakisha. Alijipangusa midomo, akamwuliza mjomba hafai kwa nini. Mjomba, mtu mkweli, akamweleza yote: firigisi ni nini, ni ya nani, na mwanamke akipewa watu husema nini.

"Mzee," shangazi alisema, "mimi nimelea watoto watano, na nyumbani kwangu hakuna mwanamume tangu mdogo wao aanze kutambaa. Kodi nalipa mimi, mlango nafunga mimi. Sasa hiyo nyama imekosea njia wapi?"

Mabega ya mjomba yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Na utamu uliusikia?" akauliza.

"Ngumu kidogo. Mpishi aichemshe zaidi siku nyingine."

Akavuta ugali karibu na mjomba ili ale. Walipomaliza, shangazi alimwambia alete wazee Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wasizidi wanne, kwa sababu sebule yake ni ndogo. Mjomba aliwasindikiza hadi Jogoo Road akiwa amembebea shangazi kikapu chake.

Mimi nilibaki nikiosha vyombo, nikiimba.