Mateka Wawili Katika Ghala Letu la Mpunga

Siku wafugaji walipoingiza ng'ombe kwenye mpunga wetu huku Kamsamba, wanaume wa kitongoji walitoka na mapanga. Wafugaji walikuwa na fimbo na mikuki. Saa sita mchana shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliletwa nyumbani kwa bodaboda, mkono wa kulia unaning'inia kwa ngozi. Nyuma yake waliburutwa mateka wawili, mzee na mwanawe, wamefungwa kwa kamba za ng'ombe wao.

Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na ghala letu la mpunga lina mlango wa chuma. Wakafungiwa humo. Polisi walipopigiwa simu walisema mto umejaa, gari halivuki mpaka kesho.

Watu wakaja na petroli. Mume wangu akaweka kiti mlangoni, akakaa.

"Anzeni na mimi," alisema.

Jiwe likampasua nyusi. Hakuinuka. Walitukana wee, mwisho wakatawanyika.

Mimi nilikuwa ndani, namfunga shemeji jeraha kwa kanga mbili, zote zikalowa damu. Mume wangu akaniita niwapelekee mateka maji. Nikaingia ghalani na ndoo.

"Asante, mwanangu," mzee alisema. "Anza na huyu, mbavu zimevunjika."

Sijui neno lile, mwanangu, lilinigusa wapi. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani. Niliuchukua nikampiga nao mzee begani, nikarudia, mpaka nikasikia mfupa unavunjika. Kijana, mikono nyuma, alijiviringisha akamlalia baba yake. Hapo nikautupa mchi. Nilimfungua kijana mikono ili amnyweshe mzee, nikatoka.

Polisi walifika kesho yake. Shemeji alikatwa mkono, akapona. Kijana alifia hospitalini, zile mbavu zilikuwa zimemtoboa pafu.

Wanakijiji baadaye walitusifu, eti tuliwalinda mateka vizuri. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia mume wangu nilichofanya.

"Nilisikia," alisema. "Nilikuwa mlangoni."

"Mbona hukuingia?"

"Na mimi nilikuwa nimemwona mdogo wangu."

Kwenye baraza la usuluhishi yule mzee alisimama, bega moja limeshuka. Akasimulia vita vya shambani, akasimulia kifo cha mwanawe. Alinitazama. Ya ghalani hakuyataja, na mimi sikunyanyuka kwenye benchi kuyasema.