Alivyowafanyia Ng'ombe

Mama yangu alikuwa na kipimo chake cha wanaume. "Mwanangu," alisema, "usimtazame anavyokuchekea wewe. Mtazame anavyomfanyia asiyeweza kumshtaki." Na kwetu Ufipa, asiyeweza kumshtaki mtu ni ng'ombe.

Basi nikatazama. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tumehamishwa wote na nyumba zimepangwa mistari. Asubuhi rimu ya gari ikigongwa, tunakwenda shamba la pamoja. Wachumba walikuwa wawili, na wote wawili walilima kwa maksai wa kijiji. Wa kwanza alikuwa mcheshi, mtu wa watu, lakini maksai aliwacharaza mpaka ngozi inavimba. Eti mali ya wote haina mwenyewe. Wa pili hakuwa na maneno. Alilima bila fimbo, akiwasemesha kwa Kifipa, na mmoja alipougua alimfunika blanketi lake mwenyewe, na baridi ya kule si ya mchezo. Sasa wewe ungemchukua nani? Nikaolewa na wa pili, roho yangu kwatu.

Makubwa hayo. Nyumbani mwanamume yule alikuwa kama gogo. Nikipika, anakula. Nikiumwa, "Pole." Nikimuuliza ana nini, "Sina kitu." Halafu namsikia zizini anaongea, tena anacheka. Mimi, mwanamke mzima, nikawa namwonea wivu ng'ombe.

Mimba ilipokuwa kubwa, uchungu ulinishika tukiwa shambani, kabla ya wakati wake. Nikamwita. Aliniona, naapa aliniona. Akageuka kuwafungua maksai nira kwanza. Aliyenibeba ni yule mwingine, mpiga ng'ombe. Alitupa fimbo, akanipakia kwenye baiskeli, akaisukuma mbio mpaka zahanati, ananitania njia nzima nisilie. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hajalia, na hakulia. Mume wangu alifika nimeshamfunika. Akamfunua, akamtazama, akasema, "Pole."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema. Basi huyu aliyenifaa, mbona mgongo wa ng'ombe aliufanya ngoma? Na huyu mwenye huruma, huruma yake mlango wake uko wapi, mbona mimi siuoni? Nilichanganyikiwa kabisa. Nilimkasirikia hata mama na kipimo chake. Jambo moja tu nililijua: sitaweza kuzeeka na mtu asiyenililia.

Nilipopata nguvu nikafunga mzigo niende kwa mama, ambaye siku hizo alikuwa Katandala, mjini Sumbawanga. Jioni, jua bado lipo, nikaenda zizini kumuaga mume wangu, maana kuondoka kimyakimya si adabu. Nilimkuta ameegemea shingo ya maksai, kanipa mgongo. Alikuwa anamweleza habari za mtoto. Kwamba vidole vyake vilikuwa virefu. Kwamba siku ile aliogopa, miguu ikakataa kuja kwangu, mikono ikashika kazi inayoijua. "Mama yake ananichukia," alimwambia ng'ombe.

Nikasogea upande wa pili wa yule maksai. Hasira zilinipanda. Maneno yale yalikuwa yangu, kwa nini apewe mnyama? Nilitaka nimtukane. Nikajikuta nasema, taratibu, "Hakuchukii. Anataka umwambie yeye."

Ng'ombe anacheua tu. Mume wangu akaendelea kusema, uso hajauinua kwenye shingo ile, na mimi nikawa najibu kutoka upande wangu, mpaka tukamlia mtoto wetu sote wawili.

Mzigo niliufungua. Tumezaa wengine, tuna wajukuu, na bado nyumbani hana maneno. Nami mpaka leo sijui jioni ile alikuwa anaongea na mimi au na ng'ombe, na kumuuliza naogopa.