Rozi Aliyetugawanya Kiwandani

Sisi tuliokua uhuru ukiwa bado mpya huku Nyeri, likizo ya Desemba kwetu haikuwa likizo. Ilikuwa kahawa. Asubuhi majani yangali na umande, mmeshafunga viondo kiunoni mnachuma, vidole vimekufa ganzi. Mchana mnabeba magunia hadi kiwandani kando ya mto, mnamwaga kahawa juu ya maturubai, na kazi ya pili inaanza, ile ya kuchambua. Nyekundu huku, mbichi kule, zilizokauka pembeni. Karani wa mizani akiona mbichi zimechanganyika na nyekundu, anakurudisha nyuma ya foleni bila kukutazama usoni. Siku hizi kijana ukimwambia achambue maharagwe ya githeri, kikombe kimoja tu, anakuambia mgongo unamuuma, na hajafika miaka kumi na sita.

Pale kiwandani wasichana na kina mama tulikuwa na desturi yetu. Mtu mmoja anasoma hadithi kwa sauti, wengine wanachambua, na kahawa ya msomaji tunagawana sote kuichambua. Msomaji hagusi hata punje. Anakaa juu ya debe lililopinduliwa kama chifu. Kwa miaka miwili debe hilo lilikuwa langu. Vitabu vilikuwa haba, basi nilitunga mwenyewe kwenye daftari la shule, na msichana wa hadithi zangu aliitwa Tabitha. Tabitha alikuwa mwema kupita kiasi. Anachota maji kabla ya jogoo, anasalimia wazee kwa mikono miwili, anapita mtihani, anaolewa kanisani. Kina mama walisema, "Huyo mtoto amelelewa." Rafiki yangu Nyambura, ambaye tuligawana naye hata kiazi kitamu cha mchana, alikaa karibu na magoti yangu akinishikia kurasa upepo ukivuma.

Halafu Wambui akaja. Baba yake alikuwa amefanya kazi Nanyuki, akarudi na familia kulima shamba la babu. Alikuwa mwembamba, mnyamavu, na Kikuyu chake kilijaa Kiswahili cha mjini. Siku moja akauliza kwa sauti ndogo kama naye anaweza kusoma kidogo. Nikampisha kwenye debe kwa heshima tu, nikijua atachekwa.

Msichana wake aliitwa Rozi, na Rozi alikuwa na roho mbaya. Alimwibia mdogo wake viatu vya shule. Alimcheka nyanya yake akitembea. Baba yake alipougua, watu wote wanalia, yeye akauliza ng'ombe wao atakuwa wa nani. Wambui aliposoma hapo, mikono yote ilisimama. Mama Gathoni, mama wa watoto sita ambaye hakuwahi kunyamaza kwa ajili ya Tabitha, akasema, "Huyu anahitaji kiboko. Endelea."

Kuanzia siku hiyo kiwanda kiligawanyika. Upande mmoja walikuwa kina Mama Gathoni, waliotaka Rozi achapwe, afukuzwe, aumwe na nyoka. Upande wa pili walikuwa wasichana, na mbele yao Nyambura wangu. "Mimi niko na dada wanne," akasema. "Hata mimi nimewaza hiyo maneno ya ng'ombe, ni vile tu sikusema." Walibishana wakichambua, wakabishana kwenye foleni ya mizani, wakabishana njia nzima ya kurudi nyumbani. Jumapili baada ya kanisa nilimsikia mama mmoja akimwambia binti yake, "Usiniletee Urozi hapa." Hakuna mtu aliyewahi kubishana kwa sababu ya Tabitha wangu. Walimsifu, wakamsahau kabla ya kufunga magunia.

Nitasema ukweli, sasa nimezeeka. Wivu ulinila. Nilikuwa nachambua kahawa ya Wambui kwa mikono yangu, na Nyambura amehamia magoti ya Wambui. Mama aliponiona sili vizuri akanipa methali yake, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikamjibu moyoni kwamba kibaya kinajitembeza na kijiji kizima kiko nyuma yake.

Wiki ya mwisho ya msimu Wambui akashikwa na homa, sauti ikapotea kabisa. Na hadithi ilikuwa imebaki sura moja. Akanijia na daftari lake, akaligusa, akanigusa kifua, akaonyesha debe. Kati ya wote alinichagua mimi. Alijua nasoma vizuri, na nadhani alidhani sisi ni marafiki.

Nikakaa kwenye debe langu. Nikasoma ukurasa wa kwanza kama ulivyoandikwa. Wa pili nikaufunua, na sikuutazama hata mstari mmoja. Nikatunga. Rozi wangu akapiga magoti, akalia, akamrudishia mdogo wake viatu, akamwomba nyanya msamaha, akaanza kuchota maji kabla ya jogoo. Nilijiambia namnyoosha. Nikafunga daftari nikangoja wanisifu.

 Wa kwanza kusema alikuwa Mama Gathoni, aliyemchukia Rozi kuliko wote. "Huyo si Rozi," akasema. "Rozi gani anapiga magoti?" Nyambura akawa na machozi ya hasira. Pande zote mbili zikakubaliana kwa mara ya kwanza, na zikamgeukia Wambui. Ati amewachezea. Ati ameogopa. Mwingine akasema ni bure wamemchambulia kahawa msimu mzima.

Wambui alikuwa amekaa pale pale na kikapu chake. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Akanitazama. Nilikuwa na daftari mapajani, ningelifungua kwenye ule ukurasa mbele ya wote na mambo yangeisha. Nikainama nikaanza kuchambua mbichi. Baadaye nilimrudishia daftari, akalipokea bila kulifungua.

Sauti yake ilirudi siku ya tatu, lakini hakumwambia mtu yeyote nilichofanya. Wala hakusoma tena. Debe likawa langu, nikamrudisha Tabitha, na wakachambua kimya. Nyambura alikuja kukaa karibu yangu kama zamani, akawa anatazama mto.

Miaka mingi ikapita. Nilikutana na Wambui Kerugoya tulipopeleka mahari ya kijana wetu, yeye akiwa upande wa wenyeji, amejifunga leso anagawa chakula. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Nikamwambia pole kwa yale ya kiwandani, akasema tulikuwa watoto. Nikajipa moyo nikamuuliza Rozi aliishia wapi hasa, kwenye ule ukurasa. Akaniongezea kipande cha nyama kwenye sahani. "Si wewe ulimmaliza?" akasema, akaenda kwa mgeni mwingine.

Juzi mjukuu wangu alikuwa sebuleni amekunja uso juu ya simu. Kwenye grupu yao wanagombana juu ya msichana wa kitabu fulani, mwenye kiburi na maneno machafu. Nusu wanamtaka mwandishi aaibike, nusu wanasema wamejiona ndani yake. Mamia ya watu wanabishana, na hakuna hata mmoja aliye na kahawa mkononi. Nikamuuliza msichana huyo anaishia vipi. Akasema, "Shosho, sikuambii, jisomee," akanisogezea kitabu, kurasa zote zimo, mpaka wa mwisho, vile mwandishi mwenyewe alivyoandika. Niliwaonea wivu watoto hawa, na si wivu mdogo. Siku ile ya mahari, tukiagana, Wambui aliniambia alitumia lile daftari kuwashia moto mwaka ule ule wa kiwandani. Ukiwauliza leo wale waliobaki wa kiwandani Rozi aliishia wapi, watakuambia alipiga magoti.