Ya Kirusi au ya Kijerumani

Dada yangu alipoambiwa hospitali kwamba uvimbe wa shingoni hautaondoka, hakuniomba dawa. Aliniomba picha.

Nilikuwa nimekwenda kumwona kwake Chala. Nimekaa jikoni, yeye anapepeta ulezi polepole, maana alikataa kukaa bure. Mumewe tulikuwa tumemzika miaka michache nyuma, na picha iliyobebwa mbele ya jeneza lake ilikuzwa kutoka kwenye kitambulisho, macho yamemtoka, sikio moja limekatwa.

"Alionekana kama mtu anayetafutwa na polisi," dada alisema. "Mimi usinifanyie hivyo. Nataka picha nimekaa, nyeusi na nyeupe, kama ile mama aliyopigwa misheni."

"Simu za watoto zinapiga vizuri, dada."

"Za simu wanaangalia, wanacheka, kesho simu imeibiwa. Wewe umepiga harusi za Ufipa nzima. Mimi una picha yangu gani?"

Sikuwa nayo hata moja. Tangu nilipomaliza kidato cha nne niliishi kwa kupiga picha mjini Sumbawanga, na kamera yangu niliiuza wateja walipoacha kuja. Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nikamwahidi.

Mpiga picha mwenzangu wa zamani alikuwa amefariki huko Kasense, na mjane wake alikuwa bado na kamera zake mbili. Alizitandaza kitandani juu ya kitenge. Moja ya Kirusi, nyingine ya Kijerumani. Zote mbili ni za aina moja ya utazamaji: unachungulia kwenye kidirisha, unamwona mtu wako amekuwa wawili, unazungusha lenzi mpaka wale wawili wanakutana na kuwa mmoja. Hapo ndipo umepata umbali sahihi.

Ya Kirusi niliijua kama mkono wangu, maana niliyoiuza ilikuwa pacha wake. Kidirisha chake kilikuwa cha njano kidogo na nikeli ilikuwa imechubuka, lakini mgongo wake wote unatoka, unaweka mkanda wa filamu huku unauona. Ya Kijerumani sikuwahi kuimiliki. Padri wa misheni alikuwa na ya namna ile nilipokuwa kijana, nami nilikuwa nikiitazama shingoni mwake kuliko nilivyotazama altare. Niliichukua. Ilikuwa nzito, baridi, na nilipomchungulia mjane, nyuso zake mbili zilikutana bila kusitasita.

"Shemeji, chukua hiyo ya Kirusi," akaniambia. "Hiyo ndiyo iliyosomesha watoto. Hiyo nyingine marehemu alikuwa anaifuta tu Jumapili, na akiiwekea mkanda anaitukana."

"Alikuwa anaitukana kwa nini?"

"Inafunguka chini tu. Unaingiza mkanda gizani. Sharti ulimi wa mkanda, ile ncha ya mwanzo, uukate mrefu kwa mkasi, la sivyo haushiki."

"Shemeji, kazi hii nimeifanya maisha yangu yote."

"Haya, fundi," akasema, akaanza kukunja kitenge.

Ya Kirusi ningeondoka nayo siku ile ile, na kesho yake ningekuwa Chala. Ya Kijerumani bei yake ilinizidi mara nyingi. Nilimwomba mjane aniwekee mpaka niuze mahindi. Nilijiambia kwamba dada anastahili kilicho bora. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Mimi ndiye niliyeitaka ile kamera. Nilikuwa mzee, nimesahauliwa mjini, na nilitaka mara moja kabla sijafa niishike mkononi na watu wanione.

Mahindi yalikuwa hayajapanda bei. Nikangoja. Dada aliacha kupepeta ulezi, kisha akaacha kutoka nje, nami bado nangoja. Mwishowe niliyauza kwa bei ile ile ya mwanzo, tena pamoja na yale ya chakula, nikaichukua kamera. Fedha iliyobaki ilitosha mkanda mmoja na dawa za kusafishia picha, nikatumiwa kutoka Dar kwa basi. Binti wa dada akanipigia simu: "Mjomba, kama unakuja, njoo."

Nilipofika, ndugu na majirani walikuwa wamemvalisha kitenge cha kina mama wa kanisa na kumfunga kilemba kilichoficha uvimbe. Alibebwa hadi kwenye kiti ukutani, mahali ambapo upepo haumpigi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa kutikisa kidole.

"Harakisha," akasema. "Nimekaa kwa mkopo."

Niliweka mkanda. Ulimi ulikuwa mfupi, kama inavyokuja mikanda yote siku hizi. Niliyakumbuka maneno ya mjane. Lakini kuomba mkasi mbele ya watu wote wale, fundi mwenye kamera ya Kijerumani? Niliusukuma, ukaingia, nikafunga.

Nilipiga. Katika kidirisha nilimwona dada wawili, nikawaleta pamoja mpaka jicho likawa jicho moja. Alikuwa ameinua kidevu. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu kama dada alivyofanya ile kazi ya kukaa.

Binti yake akatoa simu. "Mjomba, ngoja na mimi nipige moja."

"Acha," nikamwambia. "Usimchoshe. Tunazo hapa."

Akairudisha simu mfukoni.

Dada alipokwisha kurudishwa kitandani, niliendelea kuzungusha ili nijue nimebakiza ngapi. Kamera ikaendelea kukubali. Nikazungusha tena, ikakubali. Mkanda ukifika mwisho hugoma, na ule ulikuwa umeshapita mwisho wake. Ndipo nikatazama kile kitufe cha kurudishia mkanda, ambacho kila mpiga picha hufundishwa kukitazama siku ya kwanza, kwamba kikizunguka mkanda unatembea. Hakikuwa kinazunguka. Niliingia stoo, nikajifunika mablanketi, nikafungua kwa kupapasa. Ulimi ulikuwa umekunjamana pale pale ulipoingilia. Mkanda wote ulikuwa haujatoka ndani ya kopo lake.

Nikaomba mkasi. Nikakata ulimi mrefu, nikaweka upya, kitufe kikazunguka. Nikaenda kwa dada.

"Dada, mkanda haukushika. Hakuna hata moja."

Akaitazama kamera mkononi mwangu. "Hiyo kamera ya ghali?"

"Hiyo hiyo."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Kesho basi. Leo nimeishiwa."

Kesho yake tulimwinua, mimi na binti yake. Shingo haikushika kichwa. Tukaweka mito, akateleza. Nikamwuliza kama nimpige hivyo hivyo amelala.

"Sitaki," akasema. "Kulala nitalala sana."

Nilibaki pale. Kila asubuhi nilifuta lenzi na kumwuliza, na kila asubuhi alijibu kwa sauti ndogo kuliko ya jana, mpaka akawa hajibu. Siku moja nilisimama mlangoni nikainua kamera. Nyuso zake mbili zikakutana juu ya mto wa kitanda, safi kabisa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikaishusha, kwa sababu alikuwa amekataa, na lile ndilo neno lake pekee ambalo nilikuwa bado na nafasi ya kulitii.

Tulimzika Jumamosi. Vijana walitaka kukuza picha ya kitambulisho chake, binti yake akakataa katakata. Mbele ya jeneza kulikuwa na msalaba peke yake. Majirani walioizoea desturi wakawa wanaangaliana, wakiulizana chinichini kwamba ina maana mama huyu hakuwahi kupigwa picha, na ndugu yake ni mpiga picha.

Baada ya maziko nilijificha nyuma ya nyumba. Nilimwogopa yule binti. Nilijua atasema: ungeniacha nipige moja tu. Alinifuata na bakuli la maji, akaninawisha, akaniwekea ugali wa ulezi na maharage, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza.

Nilimwambia mimi mwenyewe: "Siku ile nilikukatalia."

"Ndiyo, mjomba," akajibu, akachukua sahani.