Kompyuta Nyuma ya Kabati la Mama

Ofisini walimwita Fundi, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Alikaa chumba cha mwisho cha ukumbi, kile chenye kiyoyozi kinachokohoa, akichunga kompyuta zilizopangwa kwenye rafu bila skrini wala kibodi, waya tu na vitaa vya kijani. Kompyuta ya namna hiyo huitazami. Unaiita kwa mtandao ukiwa kwenye kompyuta nyingine, unaipa nenosiri, nayo inakufungulia dirisha jeusi. Unaandika amri, inajibu kwa maandishi, basi. Siku nzima ingeweza kupita mdomo wake haujafunguka ila kwa miayo.

"Wewe iko siku utasahau kusema," karani wa mapokezi alimtania, alipomkuta Fundi anakula chakula chake cha mchana amesimama katikati ya rafu.

"Nitaandika," alisema Fundi.

Karani akacheka mpaka akashika mlango. Fundi hakuwa ametania.

Katika mashine zote alizozichunga, moja haikuwa ya ofisi. Ilikuwa kompyuta ndogo ya Linux, mfumo wa kuendeshwa kwa amri kama zile za ofisini, haizidi kipande cha sabuni ya kufulia, ambayo aliiweka kwa mikono yake nyuma ya kabati la mama yake, katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama aliishi peke yake tangu baba alipofariki na dada mdogo kuolewa. Redio yake ya zamani ilikuwa inakwaruza kuliko inavyosema, kwa hiyo Fundi alipanga ile kompyuta ivute matangazo kwenye mtandao na kuyatoa kwenye spika mbili. Akaiunganisha na kitufe kikubwa juu ya kiboksi cha mbao, maana vidole vya mama vilikuwa vimegombana na vitu vidogo. Ukibonyeza, inasema. Ukibonyeza tena, inanyamaza. Mama aliipenda kweli. Wageni walionyeshwa kitufe kabla ya kuonyeshwa pa kukaa.

Kuna jambo moja ambalo hakumwambia. Kila asubuhi mama alipobonyeza kile kitufe, kompyuta ilimtumia Fundi neno moja: Ameamka.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Mwaka uliotangulia mama aliteleza jikoni, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuazima ungo. Fundi aliapa kwamba sakafu ile haitamkalisha mama tena bila yeye kujua. Mwanzoni alikuwa akisoma lile neno, anapiga simu. Baadaye akawa analisoma, anakunywa chai. Ya nini kumpigia mtu kumuuliza ameamkaje, na wewe unajua ameamka? Simu zikawa za mwisho wa mwezi, kisha zikabaki za misiba.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Alitaka kuzima kompyuta kongwe ya ofisi ili aipulize vumbi. Mbele yake kulikuwa na madirisha mawili yamefunguliwa, moja la ofisini, moja la kwa mama, yote meusi, yote na maandishi meupe, kama milango miwili iliyopakwa rangi kutoka kopo moja. Akaandika amri ya kuzima. Akabonyeza. Alipofika kwenye rafu na kipulizio mkononi, kitaa cha ile kongwe kilikuwa bado kinawaka.

Alikuwa ameizima ile ya kwa mama.

Kompyuta iliyozimwa kwa amri haiamshwi kwa amri, kwa kuwa ndani hakuna tena wa kuisikia. Lazima mtu auchomoe waya wa umeme na kuurudisha, au umeme wenyewe ukatike na kurudi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Fundi aliomba umeme ukatike mtaani kwa mama yake. Kwa bahati mbaya, wiki hiyo watu wa umeme walikuwa wameamua kufanya kazi.

Ijumaa neno halikuja, wala Jumamosi. Alijua kwa nini halikuja, na bado aliamka kulitafuta. Kimya cha mashine na kimya cha mama vilionekana sawasawa kwenye skrini yake. Angeweza kupiga simu mara moja, lakini angesema nini? Angeeleza vipi alivyojua kwamba redio imezimika? Na ni lini mara ya mwisho alipiga bila habari ya kifo? Alikaa kwenye kiti chake kimoja, chumbani kwake nyumbani, kompyuta imefunguliwa mbele yake, simu ikiwa pajani kama mtoto wa mtu aliyeachiwa kumshika.

Jumapili asubuhi akapiga.

"Haloo, nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Mimi ni wengi." Kisha sauti ya mama ikashuka. "Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi umefukuzwa kazi."

"Sijafukuzwa. Nakusalimu tu."

"Haya, salamu nimezipokea."

Fundi akauliza kama redio bado imenyamaza.

"Imenyamaza tangu Alhamisi," alisema mama. "Nikasema imechoka. Mbona na mimi huchoka, na hakuna anayesema nimeharibika?"

"Ungeniambia."

"Nikusumbue kwa redio? Wewe una kazi zako."

Akamweleza taratibu: nyuma ya kabati, chini, kuna waya mweupe. Auchomoe, asubiri kidogo, aurudishe. "Lakini kuna kuinama, mama. Mwite jirani."

"Jirani kasafiri. Na goti ni langu, nalijua."

Akaiweka simu mezani bila kuikata, akaondoka.

Fundi alibaki anasikiliza nyumba. Alisikia ndala zikiburuzwa na kiti kikisogezwa. Alisikia bomba la jikoni likidondosha matone, lile ambalo aliahidi kulitengeneza na akalisahau. Akasikia mama akipumua kwa nguvu, akijisemesha kitu. Kisha kitu cha bati kikaanguka kwa kishindo, kikazunguka zunguka sakafuni mpaka kikatulia.

"Mama?"

Bomba likadondosha tone.

Mara ile ile skrini ya kompyuta yake ikabadilika. Kompyuta ndogo ilikuwa imeamka, inaitika. Akaingia upesi. Ikamwambia joto lake ni zuri, nafasi yake inatosha, mtandao upo. Alisoma yote, mstari kwa mstari. Mle ndani hapakuwa na kitu kilichojua kama mwanamke aliyeko hatua moja kutoka pale amekaa au amelala.

"Mama," aliita tena, na sauti yake ilimshtua mwenyewe, ilikuwa ya mtoto aliyeamka na kukuta kitanda kitupu.

Akangoja, akiibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

Ndala zikaburuzwa.

"Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Nimeangusha sinia. Nikaona nikae kwanza huko chini nipumue. Kushuka si kazi, kazi ni kupanda." Alivuta pumzi. "Sasa hebu niambie. Umejuaje kuwa imezimika, na wewe uko huko?"

Fundi alifikiria uongo, ukawepo mmoja mzuri tu. Akauacha. Akamweleza habari ya kitufe, lile neno, na amri aliyoiandika kwenye dirisha lisilo lake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kwa hiyo kila siku unajua nimeamka."

"Ndiyo. Nisamehe, mama. Nitaitoa sasa hivi."

"Usitoe. Nikianguka je?" Bomba lilidondosha tone, na jingine. "Iache ikwambie. Lakini mimi nani ananiambia kuwa wewe umeamka?"

Mama hakudai jibu. Alisema tu kwamba chai yake inapoa, akakata.

Jumatatu, kabla hajafunga vifungo vya shati, neno likaingia: Ameamka. Akaichukua simu. Iliita sana, mpaka akahesabu moyoni njia ya kutoka kwenye kiboksi hadi mezani kwa mwendo wa lile goti.

"Si umeshaambiwa?" alisema mama. Nyuma yake mtangazaji alikuwa anasoma habari.

"Nimeambiwa."

"Haya. Na wewe, umeamka?"

Fundi akakaa kitandani, shati wazi, akitazama kikombe kimoja mezani. Akamwambia ameamka. Ilikuwa zamani sana tangu mtu amuulize.