Mabakuli ya Mfiwa

Mke wangu alipofariki, nilikuwa mlinzi wa karakana kwenye shamba la ngano la serikali, chini ya Mlima Hanang. Kwetu Mbulu aliyefiwa na mwenzake hukaa pembeni. Haingii nyumba za watu, hapeani mkono na mtu, na chombo chake hakiguswi, mpaka wazee wa ukoo waje kumnyoa na kumnywesha kwenye kibuyu cha wote. Wakati huo wengi tulikuwa tumeshabatizwa, na kanisani tuliambiwa mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu waliitikia amina. Kisha wakaniachia tela zima la trekta la kwenda Katesh, nikakaa peke yangu kama mkuu wa wilaya, wao wakaenda kwa miguu.

Msimamizi wangu, mtu wa kijiji cha Daudi, huko huko kwetu Mbulu, alinipa pole kutoka ng'ambo ya uwanja, akipaza sauti kama anaita ng'ombe.

"Pole sana! Karakana italindwa na mwingine! Wewe nenda mlimani na yule bwana wa inzi!"

Bwana wa inzi alikuwa mtaalamu kutoka mjini, mwembamba, mwenye miguu kama ya korongo. Nilidhani ametuletea dawa ya kuua inzi. Kumbe anawapenda. Sisi tulikuwa tunawafukuza kwenye chai, yeye anawafuata kwenye ukungu. Siku ya kwanza alininyooshea mkono. Nikarudi nyuma. Akasogea. Nikarudi tena mpaka nikagota ukuta, ikabidi niupokee. Ulikuwa mkono wa kwanza kuushika tangu mazishi.

Kuanzia hapo watu wakawa wanampisha njia na yeye pia, na kantini akatengewa sahani yake.

"Watu wa huku mna heshima sana," aliniambia.

Inzi aliyemtaka anakaa juu kabisa, kwenye mwamba unaochuruzika maji. Ni mdogo, wa kijani kinachong'aa kama shingo ya bata, na miguu yake ni mirefu kuliko haja, utadhani amevaa suruali ya kaka yake. Mtaalamu alisema hakuna mtu duniani aliyewahi kumwandika. Lakini alikuwa amepata majike tu, na majike ya jamii hiyo yanafanana kama maharage. Bila dume hawezi kumwandika, na lori la kumrudisha mjini lilikuwa linakaribia.

Mtego wake ni bakuli la plastiki la njano, lenye maji na sabuni kidogo. Inzi akiona njano anashuka, anazama. Mtego mzuri, ila ulikuwa wakati wa uhaba. Sabuni ilikuwa inatafutwa kama dhahabu, na bakuli la plastiki ni mahari. Aliyoyatega mwanzoni yalichukuliwa yote na wakata kuni. Moja alilikuta Katesh mgahawani, limejaa maharage. Alikuwa na njaa, akala.

Yaliyobaki niliyabeba mimi kichwani, nikapita nayo katikati ya nyumba za wafanyakazi. Habari ilipanda mlima kabla yetu. Hakuna aliyegusa hata moja.

"Wewe ni mlinzi kweli," mtaalamu akanisifu.

"Silindi, bwana. Wanaogopa msiba wangu. Chombo cha mfiwa hakiguswi."

Akacheka. Kisha akautazama mkono wake. "Lakini mimi nilikushika mkono."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ile sahani yangu..."

"Ndiyo, bwana."

Majike yaliendelea kuanguka, dume hakuna. Ndipo akaja shangazi yangu na habari: wazee wamekubali, Jumamosi nanyolewa, pombe ya mtama iko motoni. Siku hiyo hiyo jirani yangu akanisemesha kwa mara ya kwanza, akiwa amesimama mbali.

"Shemeji, yale mabakuli ya njano utamwachia nani?"

Mtaalamu alipopata habari, akakaa juu ya jiwe na kukunja miguu yake yote.

"Ndugu yangu, waambie bado. Mpaka lori lije tu."

"Siwezi kusema uongo juu ya mke wangu."

"Basi," akasema, na kweli hakurudia.

Jumamosi wazee walikuja. Katika ukoo wetu, kabla ya wembe mzee huuliza, "Umemaliza?" Mfiwa hujibu, "Nimemaliza." Kila mtu hujibu hivyo, hata mwenye machozi mashavuni, kwa sababu pombe imeshaiva. Mzee akauliza. Nikafungua mdomo nijibu kama wengine. Nikakumbuka kanga ya mke wangu iliyokuwa bado msumarini nyuma ya mlango, na kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeisalimia.

"Bado," nikasema.

"Bado nini?" shangazi akaruka. "Pombe itachacha!"

"Ameulizwa, amejibu," mzee akasema, akaurudisha wembe mfukoni. Pombe waliinywa, maana yenyewe haikuwa na bado. Kule kwenye ua, mtaalamu alirusha mikono juu kwa furaha, akakumbuka, akaishusha, akavua kofia.

"Sikusema kwa ajili yako," nilimwambia tukipanda mlima.

"Najua."

Dume tulimwona siku moja kabla ya lori. Alitua ukingoni mwa bakuli, mbele ya jike. Karibu na nyayo za miguu ya kati alikuwa na vibendera vyeusi. Akainua mguu mmoja, akaupunga. Akainua wa pili, akaupunga. Jike likawa linajifuta macho. Nilicheka kwa sauti, na kicheko changu kikanishtua.

"Mkamate," nikanong'ona.

"Ngoja amalize," akasema mtaalamu, akiwa ameshika mrija wake wa kufyonzea inzi.

Jike likaruka, likaenda zake. Dume akabaki ameinua mguu.

"Maskini," akasema, akamfyonza.

Kabla ya kuondoka alinisomea alivyomwandika: urefu wa bawa, rangi ya vipapasio, nywele za goti. Nilisikia kama anasoma vipuri vya trekta. Kwamba jike lilimwacha hapo hapo halikuwemo, na naona ni sawa.

Wazee walirudi baada ya mvua.

"Umemaliza?"

"Imepungua," nikasema.

Mzee alifikiri kidogo. "Leteni wembe."

Nywele hazijafika chini, mabakuli aliyoniachia mtaalamu yalishaondoka. Moja nililiona Jumapili kwa jirani, juu ya meza, limejaa maharage. Nikakaribishwa ndani, nikala.