Amri kutoka Dunguni

Mama alipopatwa na kiharusi, kaka zangu walijadiliana kwenye simu wakaamua mambo yake bila kumuuliza. Waliona ahamishwe kutoka Mbwera aletwe Kibiti nilikopanga, ili nimwangalie huku naendelea na kazi. Waliponipigia kunieleza uamuzi wao, nilikuwa Mbwera kwa likizo, nimekaa kitandani pake namlisha uji. Nikaweka simu wazi asikie. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, maana ulimi ulikuwa mzito upande mmoja: "Waambie siendi. Nikafanye nini huko? Nikakae chumbani nitazame ukuta?"

Nikawaambia, haendi.

"Na kazi yako je?" akauliza kaka mkubwa.

"Siachi."

"Huwezi kuwa na vyote viwili."

Nikamwambia tutaona, nikakata simu. Sikuwa na mpango wowote wakati ule. Nilichokuwa nacho ni hasira tu, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyetamka neno la kuacha kazi yake yeye.

Mimi ni fundi mitambo. Nilikuwa nimeajiriwa na redio ndogo ya jamii pale Kibiti, redio ya vyumba viwili na mnara mmoja. Kazi kubwa ya studio ilifanywa na kompyuta: ndiyo iliyocheza kaswida za alfajiri, taarabu za mchana, matangazo ya misiba na habari za bei ya ufuta. Mimi ndiye niliyeipanga icheze nini na saa ngapi. Ikigoma, mimi ndiye niliyeitwa. Mawimbi yetu yalifika mpaka Mbwera, yakikwaruza kidogo, lakini yalifika.

Likizo yangu ilipokwisha, nilimwachia mama mdogo uangalizi wa mgonjwa kwa siku chache nikaenda kuonana na meneja. Nilimwambia nataka kufanya kazi yangu nikiwa Mbwera. Alicheka, si kwa ubaya.

"Dada, kule mtandao uko wapi? Utaiendesha studio kwa kupiga kelele?"

Swali lake lilikuwa la haki. Zipo programu za kuiona kompyuta ya mbali kwenye simu yako, ukaibonyeza kana kwamba umeikalia. Nilishazijaribu Mbwera zikanishinda, maana zinataka mtandao usiokatika, na kwetu mtandao hushika kidogo, hupotea, hurudi. Lakini barua pepe haina haraka. Ukiiandika inakaa ndani ya simu, inangoja; mtandao ukishika, hata kwa muda wa kufumba macho, inakwenda. Hapo ndipo nilipopata wazo. Kama sikuweza kuikalia kompyuta, ningeiandikia.

Nikakaa studio nikatengeneza programu ndogo. Kila baada ya muda mfupi kompyuta ilifungua sanduku lake la barua. Ikikuta barua kutoka kwenye anwani yangu, yenye neno la siri nililolijua mimi peke yangu, ilisoma mstari wa kwanza na kufanya ilichoambiwa. Nikiandika CHEZA na jina la kipindi, inacheza. ZIMA, inanyamaza. HALI, inanijibu kwa barua kunieleza inafanya nini na kama ni nzima. ANZA UPYA, inajizima na kujiwasha. Amri nyingine yoyote haikuruhusiwa, hata ingetoka kwangu.

Nilimwita meneja aone. Nikasimama uani na simu yangu, nikatuma. Tulingoja kidogo, kisha spika ya ukumbini ikaacha taarabu ikaanza kaswida, na ndani ya studio hapakuwa na mtu.

Aliitazama spika, akanitazama mimi. "Huu ni mchezo, dada. Kazi ni mtu kukaa kwenye kiti."

"Basi nitakaa kwenye kiti. Kitakuwa Mbwera."

Tulibishana mpaka akachoka. Akanipa nafasi ya kujaribu, ila masika yakianza niwe nimerudi, la sivyo atatafuta mtu mwingine. Nilipanda boti jioni ileile kabla hajabadili mawazo.

Nyumbani kwetu simu hupigika kwa shida, lakini haishiki mtandao. Inashika kwenye shamba letu la mpunga, ng'ambo ya kijito, tena si chini. Ni juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu tunachokaa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Kwa hiyo ofisi yangu ikawa dungu. Asubuhi namwosha mama, namgeuza, namkabidhi kwa mama mdogo, kisha navuka kwa mtumbwi na kupanda ngazi. Mkono mmoja unavuta kamba ya makopo kufukuza ndege, mwingine umeshika simu. Nilikuwa na redio ndogo ya betri nimeining'iniza kwenye nguzo, na hiyo ndiyo iliyonihakikishia kila kitu. Nikituma CHEZA, sikuwa na haja ya kuuliza kama imefika. Nilisikia hewani.

Siku za mwanzo ziliniudhi. Simu yangu ilikuwa na tabia ya kubadilisha herufi, naandika CHEZA inaandika inachotaka yenyewe. Tena iliongeza mwanzoni mwa barua mstari wa kuitangaza kampuni iliyoitengeneza, na kompyuta ilikuwa inausoma huo kana kwamba ndio amri. Nilirekebisha moja baada ya jingine. Mama, aliyekuwa akinisikiliza nikilalamika jikoni, alisema, "Unaituma kama mtoto dukani. Mtoto humwambii maneno mengi." Alikuwa kaieleza kazi yangu vizuri kuliko nilivyomweleza meneja.

Msimu ule wa kiangazi redio haikuchelewa kufunguliwa hata mara moja, maana sikumtegemea mtu wa kuamka. Masika yalipoanza, sikurudi Kibiti. Meneja alinipigia mpaka akanipata nikiwa dunguni.

"Tulikubaliana."

"Ulikubaliana peke yako. Mama bado hajaweza kusimama. Kuna siku redio imekosa kitu kwa sababu mimi siko?"

"Suala si hilo. Leseni ina jina langu. Kesho mtu akiiba hilo neno lako la siri akaweka matusi hewani, nani atakwenda kujieleza? Wewe na ndege zako?"

"Nitakwenda mimi."

"Kuanzia leo umesimamishwa. Na hicho kitu chako kizime."

"Sikizimi," nikasema. "Kompyuta iko mezani kwako na waya wa mtandao uko nyuma yake. Ukitaka, ng'oa mwenyewe."

Hakuung'oa. Nadhani alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba siku ikigoma atanihitaji. Nami nikaacha kutuma. Kila alfajiri nilisikiliza redio ikichelewa kufunguka, mtangazaji akihema kwa kukimbia, nikawa nawafukuza ndege wangu kimya kimya huku nimekasirika. Kaka mkubwa alipiga kuniambia kwamba sasa sina sababu ya kukataa kumleta mama mjini. Nilimjibu vibaya. Sijajuta.

Kisha mvua zikazidi. Zilinyesha kwetu, lakini za kutisha zilikuwa za juu, huko mto unakotoka. Asubuhi moja nilipanda dungu nikafungua redio, nikakuta mvumo mtupu. Mnara ulikuwa hewani, lakini hapakuwa na sauti. Nilidhani mtangazaji kachelewa kama kawaida yake, nikaendelea kuvuta kamba yangu. Jua likapanda, redio kimya.

Simu ikalia. Alikuwa mtangazaji mwenyewe, msichana tuliyezoeana sana.

"Dada, niko Ikwiriri, nilikuja msibani. Barabara imekatika, karavati limechukuliwa na maji. Huku maji yamepanda vibaya. Watu wa Utete wanasema yaliyoko nyuma ni makubwa zaidi. Nimerekodi tangazo kwa simu, watu wa mabondeni wahame, nimelituma kwenye folda ya matangazo ya kompyuta. Lakini studio hakuna mtu."

"Meneja?"

"Yuko Dar, simu haipatikani. Mlinzi yupo, lakini funguo za studio hana. Dada, mimi sijakuambia ufanye kitu. Najua umesimamishwa."

"Hujaniambia," nikasema, na simu ikakatika.

Nilitazama bonde. Madungu yalikuwa yamesimama mpaka kwenye ukingo wa mikoko, na karibu kila moja lina watu. Wengine walikuwa wamehamia na familia nzima, wakilala na kupika hukohuko mpaka mavuno. Wengi hawakuwa na simu inayoshika. Redio walikuwa nazo. Sikufikiri kuhusu leseni. Nilifikiri kwamba ikiwa kuna mtu wa kunikataza, yuko mbali.

Nikaandika HALI. Barua ikakaa. Nikasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nikanyoosha mkono nje ya paa, mvua ikinipiga. Ikaondoka. Jibu lilichukua muda mpaka nikaanza kuamini kwamba meneja kaung'oa ule waya kweli. Lilipokuja lilikuwa la maneno machache: kompyuta ni nzima, lakini programu ya kucheza imekwama. Nikatuma ANZA UPYA.

Sasa hilo ndilo lililonitisha. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, na mara nyingine ilizimika isiwake mpaka uipige ubavuni. Nilikaa nimeikazia macho redio pale kwenye nguzo. Mvumo. Mvumo. Kisha ukasikika mlio mdogo, tik, ambao hakuna mtu mwingine bondeni angeujali. Ilikuwa imewaka.

CHEZA TANGAZO. Barua ikakwama. Nikaituma tena, ikakwama. Nikanyoosha mkono nje mpaka bega likauma. Nilichosikia kwanza hakikutoka kwenye redio yangu. Kilitoka dungu la jirani, mama mmoja aliyekuwa akilinda na wanawe, ambaye redio yake ilikuwa na sauti kubwa kuliko yangu: sauti ya yule msichana ikisema maji yanakuja, watu wa mabondeni waondoke sasa, wasingoje kuyaona.

"Umesikia?" jirani akanipigia kelele.

"Nimesikia! Shusha watoto!"

Tangazo lilipokwisha nilituma tena, na tena, siku nzima, mpaka chaji ikaniishia, nikavuka kurudi kwa mama, nyumbani kwetu mwinukoni yasikofika maji. Niliona mitumbwi ikitoka bondeni imebeba magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu. Si wote walioondoka. Wapo waliosema redio hutisha watu bure, wakaja kuchukuliwa na boti wakiwa wamekaa juu ya mapaa. Lakini walikuwa wachache, na wote tuliwapata. Maji yalifika. Yaliuchukua mpunga wote, wangu na wa jirani, na dungu langu likaenda likiwa zima, limesimama wima kwa muda kama linatembea, kisha likalala.

Meneja alinipata kwa simu maji yalipoanza kushuka. Hakusalimia.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna. Nilijipa."

Kamati ya redio ikaniita Kibiti. Nilikwenda nimevaa baibui langu zuri. Walikuwa watu wazima wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine wakinitazama kwa huruma, jambo ambalo lilinichukiza kuliko wale walionikunjia uso. Meneja alieleza kila kitu bila kuongeza wala kupunguza, nampa haki yake. Mwenyekiti akasema hakuna anayekataa kwamba nilisaidia watu, lakini nilivunja utaratibu, hivyo niombe radhi yaishe.

"Sitaomba," nikasema.

"Binti, ni neno tu."

"Ndiyo sababu sitalisema. Nikiomba radhi leo, masika yajayo studio itakuwa kimya tena na mtu mwenye uwezo wa kuifungua atakaa akingoja ruhusa. Hofu ya meneja kuhusu wezi ni ya kweli, nimekuja na njia ya kuipunguza. Wekeni mtu wa pili wa kunikagua, badilisheni neno la siri kila mara. Hayo nayakubali. Kuomba radhi hapana. Na kazi yangu naitaka, nikiwa Mbwera."

Walinitoa nje. Nilikaa chini ya kivuli cha mnara kwa muda mrefu, nikisikia sauti zao zikipanda na kushuka. Alitoka meneja mwenyewe.

"Una kichwa kigumu kama jiwe," akasema.

"Wamesemaje?"

"Rudi kazini. Radhi wameiacha." Akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Na mimi niingize humo. Nikiwa Dar nami niweze kutuma."

Nilimwingiza, kwa neno la siri lake mwenyewe. Barua yake ya kwanza aliianza kwa salamu, akaendelea kwa heshima na taadhima kuiomba kompyuta, endapo itawezekana, icheze kipindi cha kilimo. Haikufanya lolote. Akanipigia amekasirika, nikamwambia aandike neno moja na jina la kipindi, bila salamu. Akasema hajawahi kumwandikia hata adui yake namna hiyo.

Mama sasa anasimama akishika ukuta, na siku nyingine anafika mwenyewe mpaka mlangoni. Kaka mkubwa alikuja Idi, akakaa, akala, akatazama maji yalivyotufanyia shamba, akaanza tena habari za kuhama. Mama alimwachia azungumze. Mimi nilitoka nje, nikachukua panga na kamba nikavuka kijito, maana nguzo za dungu jipya zilikuwa zimeshakatwa na nilitaka zisimame kabla ya kupanda.